Ruby Mpya Nimeiweka Mahali pa ya Zamani, Lawama Kabeba Mwalimu

Bi Umme Kulsum, shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, leo siichani, kwa sababu Jumamosi kamati yetu inakutana na nisipopata ushauri wako kabla ya hapo najijua, sitasema tena maisha yangu yote.

Mimi ni binti wa Baleni, nina miaka ishirini na mitatu, kazi yangu ni kuingiza kumbukumbu za kikundi kinacholinda mayai ya kasa tangu mambo ya hifadhi ya bahari yaanze huku kwetu, na kompyuta tunayo moja tu, ya mfumo wa Linux, ndani yake kuna programu aliyoiandika Mwalimu Shamte, mstaafu aliyenifundisha hesabu darasa la tano na baadaye akanifundisha hata hiyo kompyuta yenyewe. Kaiandika kwa Ruby, lugha ya kuandikia programu, na hutaipata pengine, maana wavuvi wetu hawakuletei tarehe ya kalenda, watakwambia kasa katagia kisiwani Shungimbili mwongo wa kumi na mbili siku ya nne, yaani wanahesabu makumi ya siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, kama walivyohesabu babu zao, na programu ya Mwalimu ndiyo inayoigeuza hesabu hiyo ikakwambia mayai yataanguliwa lini na mlinzi aende siku gani.

Sasa mimi nilitaka kujifunza Ruby mpya, kaka yangu akaniletea msimbo chanzo wake kwenye flashi kutoka Dar, nikakaa kuijenga mwenyewe, na maelezo yalisema wazi kwamba kabla hujajenga uchague prefix, yaani folda ambamo lugha itakwenda kukaa, na kama unajaribu tu basi iweke ndani ya folda yako. Bi Kulsum, niliona haya. Kwetu mtu akileta kitu kipya hakifungii chumbani kwake, ataambiwa mchoyo, na kompyuta ile ni yetu sote, nikasema Mwalimu naye afaidi bila ya kuja kuniomba, basi nikatazama ile ya zamani inakaa wapi, nikaona iko /usr, folda ya mfumo itumiwayo na wote, nikaandika ./configure --prefix=/usr, nikajenga, nikaiweka kwa nywila ya root, yaani ya msimamizi wa mashine, na wallahi siku ile nilikwenda nyumbani nimefurahi.

Kesho yake Mwalimu alipofungua programu yake ikakataa, ikadai kuna kosa mstari wa arobaini na moja, akaitazama weee, akasema, "Labda nilikosea mahali, mwanangu Arafa," na mimi niliyekwishajua nikanyamaza. Hii ni wiki ya pili. Mwenyekiti wetu Bi Mwanasiti kasema mbele za watu kwamba programu imechakaa sawasawa na mwenyewe, mzee apumzike, na Jumamosi wanataka kunikabidhi mimi nafasi yake ya kusimamia programu. Juzi nilikwenda kumjulia hali nikamkuta kazitandaza karatasi za programu mkekani, anapita mstari kwa mstari na penseli anatafuta kosa ambalo halipo. Akanikaribisha chai, nikainywa, nikaondoka.

Nimeamua kutengeneza, hilo sirudi nyuma. Ninachokuuliza ni hivi, nirekebishe kimyakimya kabla ya Jumamosi yaishe, au ni lazima niseme? Na nirekebisheje nisije nikaharibu zaidi?

Arafa, Baleni

*

Marahaba, Arafa. Hongera kwa kutoichana barua ya nne, na hapo ndipo hongera zangu zinapokoma kwa sasa.

Haya yako naijua, nimelelewa kisiwa hicho hicho, Kilindoni, na miaka kumi na moja nimetengeneza kompyuta chumba cha nyuma cha duka la marehemu baba yangu. Nimewaona wengi wakiweka kitu kipya pale pa wote wasije wakaitwa wachoyo. Lakini hukumfaidisha Mwalimu kwa lolote. Ukimletea mtu sufuria mpya humwagi wali wake uliomo kwenye ya zamani. Ruby zote mbili zina jina moja, ukizielekeza folda moja ya pili inaifuta ya kwanza, na hiyo mpya ina namna za kuandika ilizozikataa ambazo ya zamani ilizikubali. Mstari wa arobaini na moja ulikuwa mzima na mpaka leo ni mzima.

Maelezo yalikwambia uweke kwenye folda yako, binti. Ukayasoma, ukayaelewa, ukayapita.

Mashine kwanza, kwa sababu ndiyo nyepesi. Nakili folda yote ya programu na kumbukumbu za mayai kwenye flashi kabla hujagusa chochote. Itafute CD iliyotumika kuuingiza mfumo, uirudishe Ruby ya zamani kutoka humo. Itaandikwa juu ya ile uliyoiweka na programu itaamka. Ya kwako usiihamishe kwa kuibeba faili moja moja, maana njia ya /usr imeshaandikwa ndani yake na itaendelea kutafuta vitu vyake huko huko. Rudi kwenye folda ya msimbo, uamuru make distclean ili usafishe ulichojenga, kisha uanze upya na ./configure --prefix=/home/arafa/ruby-mpya, halafu make, halafu make install. Nywila ya root safari hii usiitie kabisa. Ikikwambia huna ruhusa, ujue njia umeikosea, simama uisome tena. Na Mwalimu akiitaka hiyo mpya, mwonyeshe ilipo, aiite kwa njia yake kamili. Hakuna atakayekuita mchoyo kwa hilo, na akikuita, mvumilie.

Sasa hiyo kimyakimya yako. Hapana.

Fikiri vizuri. Ukirekebisha kwa siri, Ijumaa programu inafanya kazi, na Mwalimu anaamini nini? Anaamini kosa lilikuwepo kweli, limejificha, na siku yoyote litarudi. Kila tarehe itakayotoka ataitilia shaka, na mtu wa umri wake akishaanza kujitilia shaka kwa jambo alilokuwa analiweza, kumrudisha ni shida. Bi Mwanasiti naye atasema Arafa kaitengeneza. Utakabidhiwa nafasi ya mzee kwa sifa ya kutengeneza ulichokivunja mwenyewe, na utaikalia ukijua. Wewe ulimwogopa mtu wa kukuita mchoyo, hili ungeliitaje?

Nimekasirika, sikufichi. Ile chai imenikera kuliko ile prefix. Kuweka lugha mahali pasipo pake wanafunzi wangu wote wamefanya, na mimi nimewahi kufanya, nikaua mashine ya mteja asubuhi kweupe. Kumwacha mzee anahangaika mbele ya macho yako ni jambo jingine.

Kwa hiyo kompyuta usiiguse leo. Nenda kwa Mwalimu kwanza, mkono mtupu, mwamkie, mwambie ulichofanya, folda gani na siku gani. Atakasirika, ana haki, msikilize mpaka amalize. Kisha mwombe mwende ofisini pamoja, yeye aketi mbele ya kioo cha kompyuta aandike amri, wewe msomee. Aione kwa macho yake ikifanya kazi bila ya kubadilishwa herufi moja ya aliyoyaandika.

Jumamosi usingoje uulizwe. Simama kabla Bi Mwanasiti hajataja jina lako, maana akishalitaja na watu wakapiga makofi, ulimi utakuwa mzito. Waambie: "Mwalimu Shamte hakukosea. Mimi ndiye niliyeivunja programu yake, na nafasi yake siichukui." Ukishasema hivyo, keti. Neno "lakini" usilitie.