Sanduku la Chupa za Mama Wambui

Mpendwa Mama Wambui, jirani yangu,

Nimeiona Kampala, nimeiona Kigali, nimelala chini ya lori kule Juba nikaamka na viatu vyangu vyote viwili. Na katika kutembea huko kote sijakutana na mtu aliyezaliwa na bahati kunipita mimi. Januari ile baada ya kura, wewe ulipokimbilia kituo cha polisi na Wambui mgongoni, ukaniachia sanduku lako la mafuta, nililitupa nyuma ya pikapu, nikalifunika magunia mawili ya mahindi, nikashika barabara ya Ziwa, kijijini kwetu. Vizuizi vitatu. Mawe barabarani, matairi yanawaka, vijana na rungu. Nikawatania, wakanitania, wakanifungulia. Hakuna hata mmoja aliyeinua gunia. Vibanda vyetu viwili viliungua, hiyo unajua, lakini sanduku lilifika kwa mama yangu likiwa zima kama yai. Hiyo ndiyo bahati ya Dereva. Nimeisimulia mpaka hata mbwa wa mtaa wanaijua.

Naiandika tena kwa sababu Wambui alinipigia simu juzi. Sauti yako kabisa, nikadhani ni wewe umepata mafua. Akasema mkishavuna viazi mnakuja Eldoret, wewe na yeye, kuchukua sanduku. Anataka kuanza kazi yako, na anataka kuianza na sanduku la nyanya yake. Akaniuliza kama yale maandishi ya penseli ndani ya kifuniko, vipimo vya nyanya yake, bado yanasomeka. Nikamwambia yanasomeka kama yaliandikwa jana.

Basi nimekaa hapa na kalamu, mimi wa darasa la sita, na hilo la sita nilifika kwa huruma ya mwalimu.

Unakumbuka nilivyokuwa mgeni kwa mafuta? Nilikuwa nimeacha lori kwa sababu ya mgongo, nikafungua kibanda changu cha spea kuukuu, na ukuta wetu ulikuwa mmoja, bati moja lenye matundu. Harufu ya chupa zako ilikuwa inaingia kwangu bila kubisha. Wateja wangu walikuja kutafuta fani belti wakaondoka wakisema mahali hapa pananukia kama kwa bibi harusi. Nilikukasirikia wiki mbili. Ya tatu nikaja kuuliza kama kuna ya mgongo.

Ulinipa chupa ndogo ya mnanaa, ukaanza kunieleza, na mimi nikakukatiza. Nilikuambia nimeendesha lori la magurudumu ishirini na mawili, chupa kama kidole haiwezi kunishinda. Nikaingia kwangu, nikavua shati, nikaimimina mgongoni yote, hivyo hivyo, bila kuchanganya na kitu. Kwanza ikawa baridi. Halafu ikawa baridi inayouma. Halafu nikasahau jina langu. Nilitoka mbio nikajirushia maji ya mtungi wa mama wa mboga, na maji ndiyo yaliyoalika moto wote.

Ulinikuta nimeinama kama ng'ombe anayepigwa sindano. Hukucheka hapo. Ulichukua kitambaa na mafuta ya kupikia, ukanifuta mgongo pole pole, kisha sabuni, kisha ndipo maji. Ukasema maji na mafuta ni majirani wasiosalimiana, huwezi kumtuma mmoja akamtoe mwenzake. Ulipomaliza ndipo ulicheka, ukacheka mpaka ukakaa chini.

"Kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti," ukaniambia. "Matone matatu. Si manne kwa sababu umekasirika."

Na kabla ya hayo matatu, tone lililochanganywa, ndani ya kiwiko, mtu asubiri mpaka kesho. Ikiwasha, ikitoa vipele, hayo si mafuta yake, aache. Nilikuona ukimrudisha mteja nyumbani na kiwiko chake, na pesa yake mkononi, nikafikiri huyu mama hajui biashara. Kumbe ndiyo ilikuwa biashara.

Kosa la pili lilikuwa la kwetu kabisa, na mpaka leo kila anayeanza hapa analifanya. Sisi tumelelewa na mkaratusi. Mafua yakija, mama anavunja tawi, anajaza sufuria majani, unafunikwa blanketi mpaka utoke jasho. Kwa hivyo mtu akipewa mafuta ya mkaratusi, mkono wake unakumbuka sufuria iliyojaa. Mimi nilijaza kifuniko cha chupa nikamwaga kwa maji yanayochemka, nikajifunika, nikavuta pumzi kama mwanaume. Macho yalifunga duka. Kifua kikakataa. Nilitoka chini ya lile blanketi nikipapasa ukuta, nikikuita wewe, na wewe ulikuwa umesimama mbele yangu.

Ukanipeleka nje penye hewa, ukanisafisha macho kwa maji mengi. Halafu ukachukua chupa, ukanionyesha tone moja likining'inia mdomoni, ukasema, "Dereva, hili ni gunia la majani. Wewe umejifunika na msitu."

Tone moja, labda mawili, kwa maji yaliyoshatolewa jikoni. Macho yafungwe. Dirisha liwe wazi. Dakika chache, mtu atoke. Na mwenye pumu asijaribu kabla hajaongea na daktari. Naona nakufundisha kazi yako mwenyewe, nisamehe. Nataka tu ujue sikusahau hata kimoja.

Sikusahau pia yule mama wa Moiben aliyepaka mafuta ya limau usoni asubuhi akaenda shambani kuvuna, jua likamchora madoa mashavuni kama ramani. Ulikuwa umemwambia limau na jua havikai nyumba moja. Alirudi na leso imefunika uso, wewe hukumwambia "nilikuambia." Ulimketisha kivulini. Mimi ningemwambia.

Halafu zikaja kura, na baada ya kura ukaja moto.

Siku nilipokutafuta pale uwanja wa maonyesho, walikowahamishia kutoka kituo cha polisi, kati ya mahema, nilikuwa nimeleta maziwa na blanketi, na ile chupa yangu ndogo ya mkaratusi niliyokuwa naibeba mfukoni mwa koti. Vumbi lilikuwa jingi na baridi ya asubuhi inakata, watoto wanakohoa kila hema. Mimi na akili zangu nikampa chupa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga, nikamwambia ampake kifuani na chini ya pua. Nilikuwa nafanya wema. Nilikuwa nataka kufanya wema wowote, kwa yeyote wa kwenu, haraka.

Uliruka. Sijawahi kukuona ukiruka hivyo, hata siku ile ya moto. Ukanyakua chupa mkononi mwa yule mama kabla hajaifungua.

"Huyu hajafika mwaka," ukaniambia. "Hii inaweza kumzuia kupumua."

Ukawaeleza wote waliokuwa karibu: mkaratusi na mnanaa si vya watoto wadogo, usoni wala kifuani, na chupa ikimezwa na mtoto si ya kungoja, wala ya kumtapisha, ni ya kumbeba yeye na chupa yenyewe kwa daktari mbio. Ukamchukua yule mama na mtoto wake ukawapeleka mwenyewe kwa hema la wauguzi. Ulikuwa umelala chini siku tisa, huna nyumba, huna duka, na bado ulikuwa unasoma umri wa mtoto kabla ya kufungua chupa. Nilisimama pale na maziwa yangu. Nilijiona mdogo kama kizibo.

Uliporudi uliniuliza swali moja.

"Sanduku?"

"Liko," nikasema.

"Liko wapi?"

"Ziwa. Chini ya kitanda cha mama."

Ulifunika uso kwa mikono yote miwili ukalia, ndiyo mara pekee nilikuona ukilia. Ukasema basi si kila kitu kimeenda. Wiki iliyofuata lori likawachukua kwenda Nyandarua, na mimi nikapunga mkono mpaka vumbi likatua.

Sasa nikuambie ya huku. Nilijenga vibanda vyote viwili upya, mbao zangu, misumari yangu, na bati la katikati nikaliweka pale pale. Upande wangu spea, upande wako mafuta. Juu ya mlango wako niliweka bango, nikaandika kwa rangi nyekundu, MAFUTA YA MAMA WAMBUI, herufi ya mwisho ikakosa nafasi ikapanda juu. Shemeji yangu wa Chepsaita alikuja kuliangalia, akazunguka mara mbili kama mtu anayenunua fahali.

Akaniuliza hilo ni jina la nani. Nikamwambia la mwenye duka. Akasema mwenye duka alienda na hatarudi, na mimi ninajitafutia maneno. Nikamwambia maneno ninayo ya kutosha, naweza kumgawia. Hakuongea na mimi mpaka kukawa na matanga, na hata hapo aliongea na sahani yangu.

Kila kura inapokaribia, kuna mtu mwema ananishauri nilishushe hilo bango kwa muda, "mpaka hali itulie." Mara ya kwanza nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru, nikaenda kununua rangi. Mara ya pili nikanunua mkebe mkubwa. Sasa wakiniona na brashi wanajua kampeni zimeanza. Asiyetaka kusoma jina lako apite upande ule mwingine wa barabara, ni pana, serikali imeweka lami. Mara moja niliamka nikakuta mtu amelipaka matope. Nililiosha kwa sabuni, nikafungua dirisha, nikaweka matone mawili ya mchaichai kwa kibakuli cha maji ya moto, nikawanukishia mtaa mzima jina ambalo hawataki kulisoma.

Na vita vingine ni vya chupa zenyewe. Kuna jamaa mmoja mjini anawaambia akina mama waweke matone kwa chai wapungue unene. Wanakuja kwangu wananiuliza, kwani si ni mimea, mmea wa Mungu utamdhuru nani? Hapo natumia maneno yako, sibadilishi hata moja. Nawauliza kama wamewahi kuona ng'ombe wa hapa akila mkaratusi. Amezungukwa nao, ana njaa, na anaupita. Ng'ombe hajaenda shule na anajua. Hatumezi. Mjamzito simuuzii kabla hajauliza kliniki. Chupa ya rangi nyeusi, kifuniko kikazwe, iwekwe juu mahali mtoto hafiki na jua halifiki, mbali na jiko, kwa sababu haya mafuta yanashika moto haraka kuliko wivu.

Yule jamaa alinitumia salamu ati nimekuwa daktari lini. Nikamjibu daktari sijakuwa, ndiyo sababu wateja wangu nawatuma kwa aliye daktari.

Wewe ulinifundisha hayo yote, mimi mtu wa kabila ambalo vijana wake walikuchomea. Ukaniketisha kwenye kiti chako ukanifundisha kuhesabu matone. Sasa kuna wanawake wa Ziwa na Moiben wanaohesabu hadi tatu kwa sababu yako, na hawajakuona. Wacha shemeji anune.

Njoo, Mama Wambui. Mlango wako una ufunguo mmoja na uko shingoni mwangu. Mwambie Wambui asivae viatu vyeupe, tope letu halijabadilika. Nitachinja kuku, na mafuta ya kupikia yatakuwepo, ikiwa mgongo wangu utajisahau tena.

Nakuachia hapa kabla kalamu haijanishinda,

Jirani yako wa bati moja,
Dereva

N.B. Nimeisoma barua hii mara tatu na siwezi kuituma hivi.

Siku ile nililibeba sanduku mpaka kwa pikapu. Nikasikia kwamba kizuizi cha kwanza wanapekua, na mtu wetu akikutwa na mali ya wenu anateremshwa. Nikalirudisha chini ya meza yako, nikalifunika gunia, nikaenda Ziwa na mahindi matupu. Vijana waliinua magunia yote mawili. Sikutania mtu. Nilitetemeka.

Niliporudi kesho yake mchana, nilijua nikiwa bado mbali. Mtaa wote ulikuwa unanuka mpira na mabati ya moto, na katikati yake lavenda, mnanaa, limau, karafuu, zote pamoja, nzuri mpaka watu walikuwa wanasimama kuuliza ni nini. Nilijua ni nini.

Sanduku utakalolikuta lilichongwa na fundi wa hapa, mwaka jana. Ni mwerezi kama lile, lakini penseli ni yangu. Vipimo niliviandika kutoka kichwani, na mwandiko ni wa darasa la sita. Wambui asidhani ni wa nyanya yake.

La mama yako liliungua. Mimi ndiye niliyeliacha. Bahati sikuwa nayo.