Mizigo Begani, Baba Advera

Mwaka umetimia leo tangu ulipotutoka ghafla hapa nyumbani Mtendeni, mpendwa wetu Gaston Tavernole, filamu yako ya wapagazi ikiwa haijakamilika. Tulilia sana. Leo hatulii, maana tuna habari, na ulimi unatuwasha.

Kwenu Ufaransa ulitengeneza filamu tatu, na kwa maneno yako mwenyewe, watazamaji wake wote wangeenea kwenye benchi moja. Ulikuja Tabora kwa wiki sita kuitafuta njia ya misafara, ukamkuta Josepha, ukakaa miaka ishirini na sita. Uliwaamkia shikamoo hata watoto wa shule, nao wakaitikia marahaba bila haya. Asali ya Sikonge uliila kwa kijiko, na ukikanywa ulijifanya hujui Kiswahili.

Lakini kwenye kazi hukuwa na mzaha. Miezi minne uliwapiga picha vijana wa kijiji cha Kigwa wakiigiza msafara, mizigo kichwani. Ulipomwonyesha Bibi Asnath, ambaye babu yake alikuwa mpagazi, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Hawa ni watu wa pwani," alisema. "Mnyamwezi alibeba begani, baba."

Wenzako wa Paris walikushauri uache hivyo hivyo, kwani nani angejua?

"Bibi anajua," ukawajibu.

Wakakuacha, ukaanza upya peke yako. Ukaapa kwamba filamu haitaonekana popote kabla Bibi hajaikubali. Ulipofariki tuliingiwa na hofu, kwa sababu Bibi ana miaka tisini na minne, na kazi ilikuwa bado mbichi.

Sasa sikia, Baba Advera. Binti yako ameziunganisha picha zako zote mpaka mwisho. Jumapili iliyopita tukampelekea Bibi huko Kigwa. Alitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Rudisheni pale wanapovuka mto."

Tukarudisha. Akanyoosha kidole.

"Yule anatembea kama babu yangu. Nimeikubali. Mwambieni."

Basi tunakuambia. Jumamosi hii, baada ya misa yako, Kigwa nzima itaitazama.

Unakumbukwa na mkeo Josepha, wanao Advera na Modest, dada yako Odile aliyeko Ufaransa, na Bibi Asnath, ambaye ameshachagua kiti cha mbele.

Hatutakusahau maisha yetu yote.