Ubao wa Gemu Usiotulia

Kaka Yaredi,

Mbalamwezi imerudi. Kibirizi mitumbwi imelala, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, na wavuvi wana siku kadhaa za kukaa tu. Unajua wanakokwenda kuzimalizia: hapa Mwanga, kwenye kabati la gemu ulilolijenga kwa mbao za kitanda na televisheni ya kichogo. Kesho asubuhi watafika. Naandika haraka, ndiyo maana mwandiko huu unafanana na wako.

Mwezi uliopita, wiki mbili baada ya kukuzika, nilifungua biashara peke yangu. Nikauchomeka ubao wa stiki na vitufe, ule uliokuwa ukiutoa kila jioni na kwenda nao nyumbani Katubuka ili wezi wasiubebe. Akakaa Maneno, yule mvuvi wa kifua kipana. Yule hachezi, anavuta stiki kama anavuta wavu. Mara ubao mzima ukang'oka, akaupakata, nyaya zikachomoka. "Kang'oa usukani!" watu wakapiga kelele. Mmoja akasema, "Kumbe marehemu alikuwa anatuchezesha kwenye banda la kuku!" Walicheka, kaka. Na mkeo alikuwa mlangoni na ndoo yake ya dagaa.

Hakulia. Aliniambia, "Shemeji, ubao huo ukimng'okea mtu tena mbele ya watu, kabati nalipasua kuni. Mume wangu hatachekwa mara mbili."

Basi nikalifungua kabati nitafute siri yako. Miaka yote uliwachezesha watu wale wale na ubao haukutikisika. Nilitarajia vyuma, kamba, hata hirizi. Nikakuta komeo moja la dirisha, limelegea. Nililitazama mpaka nikakumbuka ulivyokuwa ukikaa: ubavuni mwa kabati, goti limeegemea ubao, unasema, "Napumzisha mguu." Mguu gani, mwongo wewe! Ulikuwa unaushikilia. Nikacheka peke yangu, kisha... basi.

Goti lako sina. Kwanza nilishika misumari, nikaiacha: ubao ukipigiliwa hautoki, na usipotoka wezi watabeba kabati zima. Nikatoboa matundu manne, nikapitisha bolti kutoka juu hadi ndani, nikazikaza kwa nati zenye masikio, zile zinazofungwa kwa vidole. Chini ya kila nati nikaweka kipande cha tyubu ya baiskeli, mtikisiko usizilegeze.

Leo mchana nikamwita Shemeji ajaribu. Mikono yangu ni ya kalamu. Yake inabeba magunia. Nikamwambia, "Vuta kama Maneno." Akashika stiki, akakanyaga kabati, akavuta. Kabati likaburuzika. Ubao ukabaki mahali pake. Akavuta tena, na tena, akilitaja jina lako kwa hasira, nami nikaogopa kumwambia inatosha.

Alipoachia alikuwa anahema. Akaingiza mkono kabatini, akafungua nati zote nne, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Kesho zifuate nyumbani," akasema. "Na ubao unalala kwangu."

Pumzika sasa, kaka, hata huo mguu. Nakuahidi, kila asubuhi nitapiga hodi kwa mkeo niziombe, na kila jioni nitazirudisha zikiwa nne.

Mdogo wako wa kazi.