Chelewa Mbili za Asha

Dada Mwanaidi,

Tangu tukuzike, nyumba ya Tandika imebaki na watu wawili, mie na mwanao Asha. Analala kitandani kwangu, anajifunika ile khanga yako ya kijani, na nikitaka kuifua ni ugomvi. Hajambo. Anakula.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Macho hana, hizo hesabu za kuchora atazijulia wapi?" Ndiyo hofu uliyoondoka nayo, ukaniachia mie. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani amekubali kumpokea, ila kasema nimwanzishie nyumbani alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko, maana wenzake wameshafika huko. Nikamwambia Asha ni mdomo wa mamba, unafunguka kwenye namba kubwa. Akaniuliza mamba ana mdomo gani.

Juzi tulikuwa tunachambua maharage mkekani. Nikachomoa chelewa mbili kwenye fagio, nikazilaza sambamba mbele yake, nikamwambia hii ni alama ya sawasawa. Akazipapasa, akapima kwa kidole nafasi ya huku na ya kule. Nikaweka maharage matatu upande mmoja, manane upande wa pili. Nilikuwa bado natafuta maneno, wallahi, yeye akazibana ncha za upande wa matatu zikagusana, za upande wa manane akaziachanisha. "Mamdogo, si sawasawa tena. Huku pamebanana, huku pamepanuka."

Dada, hebu sikia. Alama ile nimeiandika tangu niko darasa la kwanza, na sikuwahi kujua kuwa ni sawasawa iliyobanwa upande mmoja. Kaiona yeye, kwa vidole.

Hakuishia hapo. Akayaondoa yale matatu yote, akapapasa pale patupu, akaniuliza kama alama inabaki. Nikamwambia inabaki, sifuri ni ndogo kuliko nane. Akalaza kiganja juu ya mkeka. "Kwa hiyo pasipo na kitu napo panahesabiwa." Kisha akaendelea kuchambua maharage. Mie nikaingia ndani, nikalia, nikakutaja jina.

Lala salama, dada yangu, Mungu akupe kauli thabiti. Jumatatu nampeleka shule. Hukuwahi kumwachia mkono nje ya geti, na mie naogopa vilevile. Lakini nakuahidi: nitamfikisha mlangoni mwa darasa, kisha nitamwachia aingie mwenyewe.

Mdogo wako,
Zainabu