Waya Chini ya Godoro

Otieno! Otieno kaka, Obedi kampasua bosi wa kambi kichwa! Damu mpaka kwenye sufuria ya wali!

Chumba chetu cha kambi ya vibarua hapa Mawaleh, huku ughaibuni, unakijua, wanaume sita, soketi moja. Ekstensheni moja imebeba friji, jiko la umeme na chaja zote. Leo bosi, mudiri wetu, kaja kukagua, na yeye akiiona anaichukua. Tukaisukuma chini ya godoro la Obedi bila kuchomoa kitu. Waya wenyewe moto kama pasi, halafu tukaufunika!

Bosi angali chumbani, godoro likawaka. Obedi kauzima moto kwa mikono yake, ngozi ikabaki kwenye blanketi.

Sasa sikia. Bosi anamtazama mtu kaungua, anauliza, "Nani kaleta ekstensheni?"

Nani kaleta! Mikono ile hakuiulizia!

Obedi akamwambia, "Mimi, mudiri. Ichukue." Akamtandika nayo usoni, tena na tena, mpaka tukamshika.

Wakubwa ndio walewale. Marehemu mke wangu alikata roho mlangoni pa hospitali, wakubwa wa pale wanaulizia karatasi.

Polisi wamemchukua Obedi na mikono yake ile. Bosi kapelekwa kushonwa.

Soketi bado moja. Nimechomoa friji ndipo nikapata chaji ya kukuandikia.