Harufu Si ya Mama

12 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua, ingawa kupumua kwenyewe ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Simu siisikii vizuri, unajua. Mdogo wako akinipigia kutoka sokoni huwa namjibu "ndiyo, ndiyo" hata akiuliza nimekula nini.

Nyumba inanuka. Ilianza polepole, wiki chache baada ya kumzika mama yako. Ni harufu ya mayai yaliyooza, na siku nyingine kama maji ya vyombo yaliyolala. Asubuhi ndiyo kali zaidi, kwa kuwa milango inakuwa imefungwa usiku kucha. Mdogo wako, tangu aje na mtoto kukaa nami baada ya msiba, amesugua kila kona mpaka viganja vimebabuka. Mimi nimemwaga chokaa kwenye shimo la maji machafu. Nimemwaga majivu. Nimemwaga na mafuta ya taa, ambayo jirani yangu kinyozi aliapa ndiyo dawa yake. Sasa nyumba inanuka mayai na mafuta ya taa.

Mtoto anakohoa. Mume wa mdogo wako, unamjua, maisha yake ni barabarani na lori lake. Alipopita alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akasema: "Baba mkwe, nakuheshimu, lakini mwanangu halali kwenye hewa hii. Nikirudi nikikuta bado, nawachukua." Simlaumu. Ila wakienda hao, nabaki na kuta.

Wewe unashinda kwenye mabomba na maji machafu ya watu. Niambie nifanye nini.

Baba yako

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, bado umenyooka kama ubao uliopigwa randa. Nisalimie mdogo wangu na mjomba mdogo anayekohoa. Mgongo upo. Unaniuma kwa adabu, unangoja nimalize zamu kwanza.

Barua nimeisoma nimesimama, na mabuti miguuni. Baba, mimi si fundi. Kwenye hoteli hii mafundi wana vyeo na kofia zao. Mimi ndiye ninayeshika uchafu pale fundi anapoelekeza kidole. Shule niliiacha njiani, hilo unalijua kuliko mimi. Lakini harufu tumezoeana, kwa hiyo nitakwambia ninachokiona hapa kila siku.

Kwanza acha mafuta ya taa. Mle shimoni mna vidudu vinavyokula uchafu, ukiviua uchafu unakaa hivyo hivyo. Halafu nenda nyuma ya jiko, pale maji ya vyombo yanapotokea, kuna chemba yenye mfuniko wa zege. Ifungue. Nadhani utakuta mafuta ya kupikia yameganda humo. Yakwangue na uyazike. Lile bomba refu linalopanda ukutani hadi juu ya paa ni pua ya shimo, hewa mbaya inatakiwa itokee huko. Mtafute mtu wa kupanda aangalie kama ndege hawajajenga ndani.

Na mtu yeyote asishuke shimoni, Baba. Hata kichwa asiingize, hewa ya humo inaua. Hapa tulimtoa mwenzetu mmoja kwa kamba, na alikuwa ameinama tu kuokota tochi. Mfuniko ukifunguliwa, simameni mbali.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima kiasi, kikohozi cha mtoto kinakuja na kuondoka. Pole na kazi, na pole kwa huyo mwenzenu.

Nimefanya yote. Kwenye chemba nimekuta mafuta meupe kama mshumaa, ndoo mbili zimejaa. Mdogo wako akacheka, akasema, "Baba, kumbe maandazi yangu yote yamezikwa hapa." Juu ya bomba palikuwa na kiota, na kinyozi ndiye aliyepanda kukitoa. Sasa anajisifu mtaa mzima kama vile amepanda mlima. Gari la kunyonya maji machafu nalo likaja likanyonya shimo.

Nje kumetulia kabisa. Uani unaweza kukaa ukala. Lakini ndani, mwanangu, ni vile vile. Kinyozi anakuja kupunga hewa uani kwangu, na sisi wenye nyumba tunakwenda kukaa kwenye nywele za kibanda chake. Mkwe wangu amebakiza safari moja tu kabla ya kurudi. Mdogo wako ameanza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga. Anadhani sioni.

Fikiri tena.

Baba yako

15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini mtoto anaendelea vizuri.

Nimefikiri tena. Nimefikiri Ijumaa, nikiwa na ndoo mkononi, na hapo ndipo jibu lilipokuja.

Kila Ijumaa nazunguka kwenye vyumba ambavyo havina wageni. Sifagii, sipangusi. Naingia bafuni, namwaga maji kwenye tundu la sakafuni na kwenye sinki, natoka, naingia chumba kingine. Mwanzoni nilidhani msimamizi ananitafutia adhabu. Baadaye akanionyesha. Chini ya kila tundu bomba limepinda, limeshuka na kupanda tena kama shingo ya bata, na pale lilipopinda hukaa maji. Maji hayo ndiyo mlango. Yakiwepo, hewa ya shimoni haipiti. Chumba kisipotumika yanakauka, na hewa inapanda moja kwa moja hadi kitandani kwa mtu. Chumba kinachong'aa kuliko vyote kinaweza kunuka kuliko vyote, kisa hakuna aliyeoga.

Sasa nakuuliza. Lile bafu dogo ulilomjengea Mama kando ya chumba chenu, alipokuwa hawezi tena kufika uani, nani anaoga humo siku hizi? Kama limefungwa, nadhani harufu inatoka humo. Fungua, mwaga ndoo ya maji, na kila wiki umwage kidogo. Ni hivyo tu, Baba.

Mwanao

6 Mei

Barua yako imefika.

Bafu la mama yako nililifunga siku tuliyomzika, na ufunguo ninao mimi. Kandambili zake zipo pale alipozivua. Kile kigoda nilichomchongea kipo. Sakafuni kuna utando wa sabuni yake ya mwisho, na nyayo zake zinaonekana. Unataka nizimwagie maji.

Ngoja nikwambie usichokijua. Ule ugonjwa ulikuwa na harufu yake. Watu walipokuja kumwona walikaa upande wa dirisha. Shangazi yako aliongea naye saa nzima akijifanya anajifuta jasho, kitambaa hakikutoka puani. Mama yako alikuwa mgonjwa, hakuwa kipofu. Wageni wakiondoka alikuwa ananiuliza, "Baba watoto, nanuka?" Nikamjibu hapana. Kila siku nilimjibu hapana. Alioga asubuhi, akaoga mchana, akaoga jioni, na mifupa ikimuuma, ili tu asimkere mtu. Na baada ya mazishi nimewasikia kwa masikio haya haya mabovu: "Nyumba bado ina harufu ya marehemu."

Sasa na wewe, ambaye hata udongo hukuja kumtupia, unaniandikia kutoka huko kwamba harufu inatoka kwa mama yako.

Mkwe wangu alikuja jana. Wameondoka wote watatu. Mtoto alinipungia mkono kwa furaha, alidhani anakwenda matembezi.

Nimeshaongea na mwashi. Ataziba mlango ule kwa matofali, juu mpaka chini. Hapo tutaona kama harufu ilikuwa yake.

Baba yako

27 Mei

Baba,

Shikamoo. Wewe hukunisalimia, mimi nakusalimia.

La mazishi sina cha kuongeza. Niliomba ruhusa, nikanyimwa, siku hiyo nilizibua choo cha ghorofa ya sita. Ukiona inafaa kunilaumu, nilaumu. Lakini usimpe Mama lawama ambayo sikumpa.

Baba, mimi nanuka. Sikuwahi kukwambia. Naoga, najisugua kwa brashi ya kufulia, na bado nikipanda lifti watu wanakumbuka ghafla kwamba wanashuka ghorofa inayofuata. Kwenye basi kiti cha pembeni yangu hukaa wazi hata watu wakisimama. Mwanzoni nilidhani ni bahati. Najua uso wa mtu anayeficha pua yake kwa heshima, nauona kila siku. Mtu kama mimi hawezi kumrushia mama yake neno kama hilo.

Sikusema inatoka kwa Mama. Nilisema inatoka shimoni, kwa sisi wote, kwenye vyombo tulivyoosha na nguo tulizofua. Ilikuwepo chini siku zote. Wakati Mama yupo haikupanda, kwa sababu alikuwa anaoga. Zile ndoo zake za asubuhi, mchana na jioni ndizo zilizokuwa zimefunga mlango. Nyumba haikuanza kunuka kwa kuwa Mama alikuwa humo. Imeanza kunuka kwa kuwa haogi tena.

Ukijenga ukuta, hewa haitajali. Itapita chini ya kizingiti na kwenye nyufa za dari, na bafu utakuwa huwezi kuingia tena hata ukitaka. Watu watasema, mnaona, mpaka ilibidi azibe. Utakuwa umemjengea mama yangu jina baya kwa matofali na saruji, kwa mikono ya mwashi wako.

Nakuomba kama mtoto anavyomwomba baba yake. Usijenge.

Mwanao

2 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini uko salama. Sijapata neno lako. Nilimpigia mdogo wangu, akasema anakupigia na wewe unajibu "ndiyo, ndiyo" tu, kisha unakata. Ameogopa, na mimi nimeogopa.

Hata kama umejenga, niandikie. Hata kama ni kunitukana.

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimia kwanza, kwa ile salamu niliyokunyima. Hujambo? Mgongo je? Mimi nina afya, namshukuru Mungu, nimepungua kidogo. Nguo zimekuwa za mtu mwingine.

Mwashi alikuja kama tulivyopatana, kabla barua yako ya kuniomba nisijenge haijafika. Akapanga matofali kwenye korido, akakoroga saruji. Kisha akauliza, "Mzee, vya ndani unavitoa au navifungia?" Sikuwa nimelifikiria hilo. Kandambili za mama yako nizifungie ukutani? Nikachukua ufunguo.

Nilipofungua ilinipiga usoni nikarudi nyuma. Mwashi akageukia ukuta, maskini, hakutaka nimwone. Hapo nikapandwa na hasira, nikasema leo nitajua. Nikaingia, nikapiga magoti na uzee wangu huu. Nikachukua taulo lake, nikalitia puani. Vumbi tu. Nikachukua kandambili, moja baada ya nyingine. Mpira tu. Nikanusa kigoda, kikanuka mbao, kama siku niliyokichonga. Nikatambaa sakafuni hadi kwenye tundu, nikaweka pua pale. Mwanangu, nusura nitapike.

Nikakaa chini nikicheka. Mwashi akaja mbio, alidhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia niletee yale maji yako ya kukorogea saruji, ndoo nzima. Akasema, "Mzee, tunajenga au hatujengi?" Nikamwambia lete maji.

Nikamwaga. Zile nyayo zilikwenda, sitakuficha. Nilizitazama zikienda. Maji yakazunguka kwenye tundu, yakateremka kwa ule mlio wa koo, halafu yakanyamaza. Mwashi alibeba matofali yake akaenda zake, na kwa saruji iliyokwisha korogwa akaziba shimo la panya jikoni, bure, isiharibike.

Kulipokucha harufu ilikuwa imekwisha. Barua yako ikaja baada ya hapo, ile ya lifti na basi. Nimeisoma mara nyingi. Ukija, utakaa karibu nami popote tutakapokuwa, na ole wake atakayesogea.

Utauliza kwa nini sikukuandikia mapema, na kwa nini mdogo wako sikumwita. Nitakwambia ukweli. Nilikaa ukumbini siku ile, nikavuta pumzi, nikavuta tena, sikusikia kitu. Miezi yote ile nilikuwa na adui wa kupambana naye kwa kila silaha: chokaa, majivu, gari la kunyonya, kinyozi juu ya paa, wewe na barua zako. Nililala nikimwaza na kuamka nikimtafuta. Adui alipoondoka nikaona kiti cha mama yako mbele yangu, na hakuna mtu.

Nimelia tangu siku hiyo mpaka majuzi. Mazishini sikulia, watu walinisifu. Kumbe nilikuwa nimeahirisha.

Jana nimempigia mdogo wako, nikamsikia vizuri kabisa. Wanakuja Jumamosi, yeye na mtoto. Nimemwambia chumba kiko tayari, na kwamba akinikuta nina machozi asiulize, aingize mizigo tu.

Baba yako