Nchi Sita Nilizozifuta

Jumatatu, 6 Aprili

Siku ya kumi na moja nyumbani. Ofisi imefungwa kwa ajili ya ugonjwa huu wa kuambukiza, na mpima ardhi asiye na ardhi ya kupima ni mtu hatari. Leo nimepima nyumba yangu. Mita za mraba sitini na mbili, watu saba: mimi, mke wangu, watoto watatu, shemeji yangu mdogo na Mama. Nikakokotoa — laki moja na elfu kumi na mbili kwa kilomita ya mraba! Nikamkimbilia mke wangu na karatasi. Yeye ni fundi cherehani, siku hizi anashona barakoa kutwa. Akasema kama nimemaliza kupima nimpishe, nimemzibia mwanga.

Jumatano, 8 Aprili

Nimejipatia kazi. Redio inataja vifo vya kila nchi, ila hakuna anayeeleza kwa nini huku wafe wengi na kule wachache. Basi nitaeleza mimi. Vifo kwa kila watu milioni upande mmoja, msongamano wa watu upande wa pili. Waliobanana wanaambukizana, wanakufa. Kitu chenyewe ndicho hicho, sijui wataalamu wanangoja nini. Najiona mwanasayansi kabisa, japo nimevaa bukta na soksi moja.

Alhamisi, 9 Aprili

Nchi arobaini. Grafu imekataa. Nukta zimetapakaa kama mchele uliomwagika. Kuna nchi ambayo ni mji mtupu, ghorofa juu ya ghorofa — vifo kiduchu. Nyingine pana, misitu mitupu, jirani hamwoni jirani — inazika kila siku.

Mke wangu alichungulia akipita. Akauliza wazee nimewaweka wapi, maana anaosikia wanakufa ni wazee. Na hizo nchi zote, zinahesabu maiti zao kwa namna moja? Nikamwambia grafu hii ni ya msongamano. Akasema haya, akarudi kwenye cherehani. Ile "haya" yake siipendi.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimefuta nchi sita. Si udanganyifu — ni nchi zenye mazingira ya pekee. Ndivyo nilivyoandika chini kwa herufi ndogo, halafu nikaona herufi ndogo zinachafua grafu, nikazifuta nazo. Sasa mstari unapanda bila kona. Nikaurusha kwenye kundi la ukoo. Mjomba kaandika kwamba mimi ndiye msomi wao. Nimeisoma mara nne. Sawa, mara saba.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimemshawishi Mama ahamie kwa dada yangu, shamba. Wilaya ile ina watu tisa kwa kilomita ya mraba. Mama ana miaka sabini na minne, na kifua chake kilimsumbua hata kabla ya balaa hili. Naogopa, huo ndio ukweli. Kila mtoto akipiga chafya namtazama Mama.

Hakutaka. Alisema amezoea kelele za wajukuu. Nikamwekea grafu mezani, nikamwonyesha kwa kidole: sisi tuko huku juu, Dada yuko huku chini. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu. Akasema basi, kama ndivyo inavyosema. Akaenda kukunja nguo zake. Mke wangu alinivuta pembeni, akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwa asilimia.

Jumanne, 14 Aprili

Nilimfikisha juzi. Nyumba tulivu: Dada, mumewe, na mtoto mmoja. Nimerudi napiga mluzi.

Ijumaa, 17 Aprili

Dada kapiga simu. Mjomba kahamia kwake na familia nzima, watu sita. Waliiona grafu. Nikacheka, nikasema angalau kuna mtu anayesoma. Dada hakucheka.

Jumapili, 19 Aprili

Binamu naye kafika na wanawe, jumla watu watano. Shangazi na wajukuu watatu. Wote na magodoro yao, wote na grafu yangu kwenye simu. Watu kumi na tisa ndani ya vyumba vitatu! Nyumba ile niliipima mwenyewe wakati wa ujenzi, mita za mraba arobaini na nane. Nimekokotoa. Karibu laki nne kwa kilomita ya mraba. Hakuna nchi ya namna hiyo duniani.

Wilaya bado ina watu tisa kwa kilomita, bila shaka. Majani yote yale yamekaa peke yake, salama salimini. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mimi nimechimba, nikamtumbukiza mama yangu.

Nimewaandikia kwenye kundi warudi makwao. Mjomba kajibu: kwani nataka wafe?

Jumatano, 22 Aprili

Mama anakohoa tangu jana. Mke wa Mjomba pia. Muuguzi wa zahanati kaagiza Mama alale chumba cha peke yake. Dada aliniuliza taratibu tu, "Kaka, chumba hicho nikitoe wapi?"

Mke wangu hajanisuta. Afadhali angenisuta. Katoa cherehani kwenye chumba cha Mama, kapiga deki, kawahamishia watoto sebuleni. Jirani kaniazima gari. Nikampigia Mama kumwambia niko njiani.

Amekataa. Anasema huku kwetu tumebanana, nilimwonyesha mwenyewe kwa kidole, tuko kule juu kabisa. Hawezi kuja kuwaletea wajukuu maradhi.

Nikamwambia Mama, ule mstari ni wa uongo. Zilikuwa nchi arobaini, nikafuta sita zilizonikatalia. Nilitaka nionekane najua. Nilisema yote, watoto wakinisikiliza.

Akakohoa, kikohozi kirefu. Kisha akasema, "Usijishushe, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Simu iko mezani, haijakatwa. Kaiweka chini bila kuizima. Namsikia anakohoa, na watu wengi wanaongea chumba hicho hicho.